Jina Nililomficha Susu

Shule ya Msingi,
S.L.P. 9, Kalamba,
Kupitia Sultan Hamud.

Jumapili, 2 Machi 1975.

Mpendwa Shangazi Kalunde,

Leo nimeamua kukuambia yote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuruka hata yale yanayoniaibisha. Lakini Mama hutuambia kwamba barua isiyosalimu ni kama mgeni anayeingia jikoni bila kubisha hodi, kwa hiyo nitabisha kwanza.

Hamjambo huko Garissa? Baba Kalondu hajambo na kazi yake ya visima? Kalondu mwenyewe ameanza shule, au bado anakimbizana na mbuzi wa majirani? Na wewe, umepata nguvu tangu ujifungue? Tulifurahi sana kusikia kwamba mtoto ni msichana, na kwamba jirani yako Shamis alikaa nawe siku tatu akikupikia uji na kufua nguo za mtoto. Mama alisema mtu wa namna hiyo si jirani tena, ni ndugu. Msalimu sana, ingawa hatujamwona.

Sisi huku tu wazima. Baba yuko Sultan Hamud katika kazi yake ya ghala na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini hakubali kulala. Kisilu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anacheka huku ameziba mdomo kama bibi harusi. Mvua ya Desemba ilitutendea mema. Tumevuna mahindi na kunde, na ghala limejaa kupita nusu. Mimi niko darasa la saba, na walimu wanatukumbusha mtihani wa Novemba kila wakifungua mdomo.

Susu, mama yako, ni mzima wa mwili. Macho yake ndiyo yenye ukungu zaidi ya ulivyoyaacha. Siku hizi anapanga kunde kwa vidole, si kwa macho. Lakini habari ninayotaka kukuandikia ni ya Susu, na ninaogopa kuianza.

Barua yako ilifika tarehe kumi na nne mwezi uliopita. Unajua mimi ndiye ninayemsomea. Alikuwa amekaa juu ya gunia nje ya jiko, na ungo wa kunde mapajani. Niliposoma kwamba mtoto amekwisha kuitwa Kasyoka, kwa kuwa wa kwanza alichukua jina la mama mkwe wako na huyu ilikuwa zamu yake kuchukua la mama yako, Susu aliacha kazi akapiga kigelegele pale pale, peke yake, kuku wakatawanyika. Niliposoma swali la Shamis, kwamba kwa nini mtoto awe na jina moja la Mungu na jingine la bibi yake, kwani Mungu halijui la bibi, Susu alicheka akasema, "Huyo Mwislamu ameuliza vizuri. Na ajibiwe na wenye elimu."

Ndipo nikafika mahali ulipouliza mama yako alibatizwa kwa jina gani. Uliandika kwamba unataka mtoto apewe lilo hilo siku atakapoombewa kanisani, ili awe na bibi yake mzima mzima, wa nyumbani na wa kanisani. Hapo niliinamisha uso juu ya karatasi. Susu hakuona, kwa sababu ya macho.

Akaniambia, "Mwandikie Kalunde kwamba ni Lea." Nikaandika. "Mwambie ni jina fupi, halimsumbui mtu." Nikaandika. Barua ile niliikunja, nikaipeleka mpaka posta, nikasimama mlangoni, kisha nikarudi nayo. Imekaa ndani ya kitabu changu cha Jiografia wiki mbili. Nimeitia katika bahasha hii pamoja na hii ninayoandika, ili usidhani nimeongeza au nimepunguza neno lake lolote. Yeye amesema kweli. Uongo ni wangu.

Sasa nianze.

Unajua jinsi nilivyolelewa, kwa sababu ninabeba jina lake. Baba huniita Mwaitu, yaani mama yake, kama mila inavyotaka, na nikikosa hawezi kunichapa. Humwambia Mama anichape kwa niaba yake. Wazee nikikutana nao njiani huniuliza, "Kasyoka, umerudi kuwa kijana lini?" Na Susu mwenyewe hakuniita Kasyoka hata siku moja. Huniita Mimi. "Mimi, niletee maji." "Nani amemliza Mimi?" Mgeni akifika hutuonyesha kwa kidole: "Huyu ni Mimi mdogo, na mimi ni Mimi mkubwa." Nilipokuwa mtoto nilidhani watu wote wana mtu wa namna hiyo.

Mama alinisimulia sababu yake nilipofika darasa la nne. Wewe unaijua kuliko mimi, maana wakati ule wa njaa ya Atta uliachwa bweni kwa masista wa shule, nao wengine wakaenda Shimba Hills kutafuta mahali panapoota chakula. Susu alikwenda na mume na wana wawili wadogo. Alirudi peke yake, na jembe na kiondo. Mama anasema alipopita sokoni wanawake waliweka mizigo chini wakaulizana, "Huyu ni Kasyoka kweli?" Hakumjibu mtu. Alifika nyumbani, akanikuta nina miezi mitatu, nimekwisha kupewa jina lake. Akaniweka mapajani, akasema, "Nilijua nimekwisha. Kumbe nimeanza tena." Tangu siku hiyo nikawa Mimi.

Nimekuandikia hayo si kwa sababu huyajui. Ni ili uone kwamba hata mimi niliyajua, na bado nikafanya nilivyofanya.

Mwaka jana mwezi wa tano, tukipalilia, Susu aliniambia anataka kubatizwa. Miaka yote alikuwa akikaa benchi la nyuma karibu na mlango, akisema dini ni ya wenye kusoma. Mimi tayari nilikuwa katika darasa la ubatizo, kwa hiyo nikamfundisha majibu hapo hapo shambani, mstari hadi mstari. Sijaona mwanafunzi mwepesi kama yeye. Akisikia jibu mara mbili amelishika, na mimi mwalimu wake ninachungulia kitabu.

Mzee Mwangangi, anayetufundisha, alisema kila mmoja alete jina jipya kutoka katika Biblia, kwa kuwa aingiaye majini hutoka mtu mwingine.

Susu akauliza, "Kasyoka ni jina baya?"

"Si baya, mama," Mzee akasema. "Lakini ni la zamani."

"Hata mimi ni wa zamani."

Darasa zima lilicheka, na Mzee mwenyewe akacheka, lakini sheria ilibaki pale pale.

Tukiwa njiani kurudi, Susu akaniambia, "Mimi, nitafutie. Nataka mwanamke aliyekwenda akarudi, kama jina langu linavyosema. Lazima yumo. Kitabu kikubwa namna ile hakiwezi kumkosa." Kisha akaongeza, "Tukimpata, tumchukue sote wawili. Tusiachane kwa sababu ya maji."

Shangazi, hapa ndipo ninapoomba unisome polepole.

Mimi nilikuwa na jina langu tayari. Nilipokuwa darasa la tano alikuja mwalimu mwanafunzi kutoka chuoni, akatufundisha miezi mitatu. Alivaa viatu vyeupe ambavyo havikushika vumbi, sijui alifanyaje. Siku ya kwanza aliandika jina lake ubaoni kwa mwandiko wa kulala: Naomi. Sikujua maana yake wala sikuuliza. Nililiandika ndani ya jalada la daftari, nikawa ninalitazama. Kalamba nzima hapakuwa na mtu mwenye jina hilo. Sitakudanganya, nilikuwa nimechoka kuwa Susu. Nilikuwa nimechoka kuambiwa ninatembea kama yeye, ninakunja uso kama yeye, nitazeeka kama yeye. Tulifundishwa kwamba ubatizo ni kuwa mtu mpya, nami nikatamani kitu kimoja ambacho hakijavaliwa na mtu kabla yangu.

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana nilikaa karibu na ghala na Biblia ya Baba, nikaanza kumtafuta mwanamke wa Susu. Nilitafuta kwa uaminifu, naomba uniamini hapo. Wengi walikwenda wasirudi. Mke wa Lutu alirudi kwa macho tu, akawa chumvi. Ndipo nikafika katika habari ya yule mama aliyeondoka kwao kwa sababu ya njaa, pamoja na mumewe na wana wawili, akawazika wote ugenini, akarudi mikono mitupu, na wanawake wa mji wakashindwa kumtambua. Nilisoma mara mbili. Alikuwa Susu. Alikuwa Susu kabisa, ila hakuwa na jembe wala kiondo.

Na jina lake lilikuwa Naomi.

Nilifunga Biblia, nikaifunika kwa leso yangu kana kwamba mtu angeiona kupitia jalada. Susu alikuwa upande wa pili wa nyumba akitwanga mahindi ya muthokoi. Nilisikia mchi ukipanda na kushuka. Ingenichukua hatua ishirini kumfikia.

Alipomaliza alikuja mwenyewe. "Haya, Mimi. Umempata?"

"Nimetafuta, Susu. Hayumo."

"Hayumo?"

"Hayumo."

Akacheka. "Basi wanawake wa zamani wote walikaa nyumbani. Walikuwa na mvua." Akauliza kama tungeweza kuchukua jina moja lolote sote wawili. Nikamwambia Mchungaji hakubali watu wawili wa boma moja wawe na jina moja. Mchungaji hajasema neno kama hilo maishani mwake. Huo ulikuwa uongo wa pili, nao ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

"Nichagulie wewe basi," akasema. "Lisiwe refu."

Nikamchagulia Lea. Sikufikiri hata dakika moja. Lilikuwa fupi, na lilikuwa katika orodha iliyo nyuma ya kitabu cha darasa. Aliuliza Lea alikuwa nani, nikasema alikuwa mama wa wana wengi. Akasema ni vizuri. Alilirudia jioni yote akikoroga chungu, Lea, Lea, apate kulizoea.

Tulibatizwa tarehe kumi na tano Desemba, katika silanga, lile bwawa la chini ya kanisa, ambalo lilikuwa limejaa maji mekundu ya mvua. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Mimi niliingia kabla ya Susu. Sikumbuki maji. Ninakumbuka kwamba nilipotoka yeye ndiye aliyenipokea kwa shuka, akanifunika, ndipo akaingia yeye. Mchungaji Kilonzo alipomwuliza jina, alijibu kwa sauti kubwa mpaka watoto waliokuwa juu ya ukingo wakageuka. Alikuwa amelifanyia mazoezi.

Sasa, Shangazi, Mchungaji Kilonzo ana desturi ambayo sikuijua, kwa kuwa huo ulikuwa ubatizo wake wa kwanza kwetu. Baada ya silanga huwarudisha watu kanisani, akamsimamisha kila aliyebatizwa mbele, akaeleza jina lake na habari yake, ili mtu ajue amevaa nini. Alianza na wanaume.

Aliposema "Naomi," nilisimama. Akasimulia yote. Njaa. Safari. Mume. Wana wawili. Makaburi ya ugenini. Kurudi. Wanawake wakiulizana kama ni yeye kweli. Nilikuwa nimesimama mimi, lakini nakuapia hakuna mtu aliyenitazama. Kanisa zima lilikuwa linamtazama Susu. Niliwasikia wanawake wakivuta pumzi, na mmoja akasema, "Aiya." Mchungaji, ambaye alikuja kwetu juzi juzi na hajui habari za watu, aliendelea kwa furaha akasema kwamba mwishoni yule mama aliwekewa mtoto mapajani, na huzuni yake ikageuka. Hapo nilitazama vidole vya miguu yangu na matope ya silanga yaliyokauka juu yake.

Akafuata Susu. Mchungaji alieleza kwamba Lea alikuwa mama wa wana wengi, lakini akaongeza kwamba imeandikwa pia macho yake yalikuwa dhaifu, na kwamba mumewe alimpenda zaidi mwingine. Watu wakacheka, si kwa ubaya, kwa sababu kila mtu anajua macho ya Susu. Susu akacheka pamoja nao. "Kumbe wananijua mpaka huko!" akasema. Wakacheka tena. Mimi nilitamani kurudi majini nikae huko.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele na mimi nyuma. Nilikuwa ninangoja. Nilisema moyoni, akiniuliza nitakiri, akinipiga nitashukuru. Tulipofika kwenye mti wa miiba ambapo huwa anapumzika, hakupumzika. Alisema tu, bila kugeuka, "Jina lako ni zuri, Naomi."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Tangu siku hiyo, Shangazi, hajaniita Mimi hata mara moja. "Naomi, njoo ule." "Naomi, asante kwa maji." Ananiita kwa adabu, kama mtu anavyomwita mtoto wa mgeni. Hajanifokea. Hajanipunguzia chakula. Ningefurahi angenipunguzia.

Nililala vibaya wiki nyingi kwa swali moja. Labda anajua kwamba nilimficha. Au labda anadhani nilitafuta kwa haki nikashindwa, kwa kuwa mimi ni mtoto, kisha jina likaniangukia kwa bahati. Nilijiambia kwamba huenda ni hilo la pili, na kwamba hana uchungu wowote, ni mimi ninayeota. Nilikuwa karibu kuamini.

Lakini mwezi wa kwanza tulikuwa kisimani, naye Mama Jonah alikuwepo. Unamjua, hawezi kuona kidonda bila kukigusa. Akasema mbele ya watu wote, "Lea! Huyu mjukuu wako msomi, anayeongoza darasa, alishindwaje kukuonea lile jina? Si lilikuwa lako kabisa? Au alilipenda yeye?"

Wanawake waligeuka kunitazama. Nilikuwa nimeshika kamba ya ndoo. Nikafungua mdomo, nakuambia kweli, nilikuwa nimeufungua.

Susu akasema, "Mtoto alitafuta. Kitabu ni kikubwa."

"Kikubwa, lakini yeye—"

"Nimesema alitafuta. Vuta ndoo yako, watu wana kiu."

Nami nikafunga mdomo. Alinifunika kwa uongo wangu mwenyewe, Shangazi, kama alivyonifunika kwa shuka pale silangani. Siku ile nilijua kwamba anajua. Aliubeba uongo ule mbele za watu ili usinianguke mimi, na mimi nilisimama nikamwacha aubebe, tena ndoo ya maji kichwani mwake juu ya hayo yote.

Nimejaribu kumwambia. Mara moja nilianza, "Susu, yule mwanamke aliyekwenda akarudi..." Akasema, "Naomi, kuku wameingia ghalani," na kweli walikuwa wameingia. Sijaanza tena. Nilimwendea Mzee Mwangangi, nikamwuliza, kama kwa kutaka kujua tu, iwapo mtu aweza kubadilisha jina la ubatizo. Akacheka, "Unataka kuingia majini mara ya pili? Maji yenyewe yamekauka!" Ni kweli, silanga sasa ni matope yaliyopasuka, na ng'ombe wanavuka katikati.

Nimefikiri pia juu ya swali la Shamis. Nilipochagua jina nilidhani Mungu ananijua kwa lile la kanisani tu, na kwamba hili la nyumbani ni kama nguo ya shamba. Sasa sidhani hivyo. Nadhani Susu aliitwa kwa jina lake na Mungu miaka mingi kabla ya Mzee Mwangangi kuleta orodha, alipokuwa anatembea kurudi na kiondo kile. Mimi nilipewa jina hilo bure, kabla sijaweza kushika kichwa changu, nikaliona zito. Kisha nikaenda nikachukua la pili lililokuwa lake. Mtu mmoja anamnyang'anyaje mtu mmoja mara mbili, na huku anasema amezaliwa upya?

Sasa nitakuambia ninachotaka, na unaweza kukataa.

Pasaka ni tarehe thelathini mwezi huu. Siku hiyo Susu atakwenda kwenye Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza, na mimi pia. Tumefundishwa kwamba mtu asiende mezani huku amemwekea mwenzake jambo. Nimeamua kumwambia kabla ya siku hiyo, yote, pamoja na zile hatua ishirini. Baada yake nitamwambia Mchungaji, na kama atataka nisimame mbele ya watu, nitasimama, hata Mama Jonah akiwa benchi la kwanza.

Ombi langu ni juu ya mtoto. Usimpeleke kuombewa bado. Ukimwita Lea, atabeba jina lililochaguliwa na mtu ambaye hakufikiri hata dakika moja. Ukimwita Naomi, watu watasema ameitwa mimi, na nitakuwa nimelipwa kwa wizi. Mimi sina haki ya kuchagua tena. Naomba ungoje mpaka Susu aijue kweli, kisha achague yeye mwenyewe, akiwa amesomewa majina yote na habari zake zote, na mara hii msomaji hatafunika kitu kwa leso. Hata akisema mtoto abaki Kasyoka tu, nyumbani na kanisani, nadhani Mungu ataitika.

Baba hajui lolote kati ya haya. Mama nadhani anahisi, kwa sababu juzi aliniambia, "Binti yangu, uso wako umekuwa kama mlango uliofungwa kwa ndani." Usiwaandikie bado. Niache nianze na Susu.

Kama utanikasirikia nitakubali. Ni mama yako. Nilipewa kumwangalia kwa macho yangu kwa kuwa yake yamechoka, nami nikayatumia kumficha.

Mama anakusalimu sana, na anasema usinyanyue mitungi ya maji kabla ya miezi miwili. Kisilu anamsalimu Kalondu na kumwuliza kama huko kuna ngamia wa kweli. Susu anakusalimu. Asubuhi hii, bila kujua ninaandika, alisema anasikia kana kwamba mtoto wako anacheka. Wasalimu Baba Kalondu na Shamis na watu wa nyumbani kwake. Bwana awafunike kwa kivuli katika joto la huko, na amlinde mdogo huyo ambaye ana majina machache lakini ana watu wengi.

Ni mimi nikupendaye, na ninayeogopa jibu lako kidogo lakini ninalitaka,

Kasyoka, binti wa Mbuvi.

Tena, Shangazi: naomba unijibu kwa posta ya kwanza inayoondoka huko, hata mstari mmoja, ufike kabla ya Pasaka. Wewe ndiye uliyekuwa mtoto wake kabla yangu. Ulipokuwa mdogo ukamkosea sana, na yeye akanyamaza, ulikuwa ukianza na neno gani?